Sitini Isiyo Yetu

Ilikuwa Ijumaa ya Novemba, saa 2:10 usiku, kwenye barabara kuu ya A30 upande wa Ujerumani, kilomita chache kabla ya mji wa Rheine. Leni ya kulia, mwendo 120, barabara kavu. Lori tulilolipita nusu dakika kabla lilikuwa limebaki taa mbili ndogo kwenye kioo. Kati yetu na lori hilo kulikuwa na kigari cha kubebea vifurushi kilichotuganda mgongoni, mita 20 hivi. Kwa mwendo ule Mjerumani hufundishwa kuacha mita 60, nusu ya namba anayoiona kwenye spidi mita.

Hapo gari likafunga breki lenyewe.

Haikuwa breki ya kufa na kupona, ile ya kupigisha watu vichwa kwenye dashibodi. Ilikuwa breki ya dereva mwenye adabu aliyeona kibao. Mlio wa mota ukabadilika, mkanda ukanibana kifua, namba zikaanza kushuka: 118, 112, 105. Kigari cha nyuma kikatumulika taa kubwa, kikapiga honi, kikachomokea leni ya kushoto. Nikakanyaga mafuta (gari la umeme halina mafuta, lakini mguu wangu haujajua kusema vingine) na gari likatii. Tulikuwa tumeshuka hadi 98. Mjomba, aliyekaa pembeni yangu, alikuwa ameng'ang'ania mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili.

"Mjomba, umeona nini?" akaniuliza. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.

"Sijaona kitu, mjomba."

"Sasa nani amefunga breki?"

Swali hilo lilinichukua mwezi mzima kulijibu. Mjomba ameendesha malori Dar hadi Tunduma kwa zaidi ya miaka 20, na alikuwa amekuja kututembelea Utrecht, Uholanzi, kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunakwenda Bremen kwenye harusi, takriban kilomita 330.

Nianze na gari. Ni la umeme tupu, la mwaka 2024, nimelichukua kwa mkataba wa kulipa kila mwezi, uzito wake karibu tani mbili. Nyuma ya kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera. Ndani ya bampa kuna rada. Ramani inapakuliwa kwa mtandao. Vitatu hivyo vinalisha mifumo kadhaa ambayo dereva huiona kama kitu kimoja, ingawa ni kazi tofauti: kruzi inayoshika mwendo na kupima umbali wa gari la mbele, mfumo wa kukaa katikati ya leni, na mfumo wa kusoma vibao vya mwendo. Kwenye menyu kuna kitufe cha kuunganisha kazi ya kwanza na ya tatu. Ukikiwasha, kruzi haingoji uipe namba. Inafuata kibao ilichosoma kamera. Mimi nilikiwasha siku nilipokabidhiwa gari. Kilionekana kama starehe.

Tangu tulipotoka nyumbani Mjomba alikuwa analichunguza gari kama anavyochunguza tela kabla ya safari. Kilichomshangaza kwanza ni usukani kujizungusha. Cha pili ni gari kunilalamikia wakati mikono yangu iko juu ya usukani. Sheria ya Umoja wa Mataifa inayohusu mifumo ya usukani, namba 79, inataka gari likuonye ukiachia usukani kwa sekunde 15, likazane na mlio zikifika 30, na mwisho mfumo ujizime. Lakini usukani wa gari langu haupimi mguso. Unapima nguvu ya kuuzungusha. Kwenye barabara iliyonyooka kama ya Uholanzi, dereva mtulivu haonekani. Inabidi kila mara uutikise kidogo, kama unayemgusa bega mtu aliyesinzia, ili mashine ijue upo. "Kwa hiyo wewe ndiye unayeliendesha gari lisilale, au lenyewe ndilo linalokuzuia usilale?" akauliza Mjomba. Sikuwa na jibu.

Karibu na Deventer saa ilitimu 1:00 usiku, na hapo kamera ikaanguka mtihani wa kwanza. Tangu tarehe 16 Machi 2020 barabara kuu nyingi za Uholanzi zina kikomo cha 100 kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku, ili kupunguza uchafuzi wa nitrojeni. Baada ya hapo kikomo kinapanda hadi 120 au 130 kutegemea sehemu. Chini ya kibao cha 100 huwekwa kibao kidogo chenye saa: 6-19. Binadamu husoma vyote viwili kisha akatazama saa yake. Gari letu lilisoma 100, likaendelea kushika 100 huku wenzetu wote wakitupita. Kosa hilo halikuwa na madhara yoyote, kwa kuwa mwendo haukubadilika. Nilicheka tu. Ningekuwa makini ningejiuliza pale pale: kama halisomi maandishi madogo, kuna nini kingine lisichokisoma?

Turudi Rheine. Dhana yetu ya kwanza ilikuwa lile lori. Malori mengi ya Ulaya hubandikwa nyuma stika za duara zinazotaja mwendo wake wa juu, na baadhi zina duara jekundu kabisa kama kibao halisi. Kamera kuzisoma stika hizo ni kosa linalojulikana. Mjomba aliikumbuka stika, tena kwa hasira kidogo, kwa maana lori ndilo gari lake na hakupenda lisingiziwe. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeiua dhana hiyo. "Stika ilikuwa themanini," alisema. "Kwenye kioo chako cha spidi mimi niliona sitini."

Usiku ule, baada ya pilau, nilitoa kadi ya kamera ya dashibodi tukaangalia. Alikuwa sahihi. Stika ya lori ilikuwa 80, na tuliipita nusu dakika nzima kabla ya breki. Dhana ya pili, kwamba rada ilidanganywa na daraja au chuma cha juu ya barabara, nayo ikafa: hapakuwa na daraja, na rada ikidanganywa gari hufunga breki za dharura, haliwashi namba 60 kwenye kioo. Tulirudisha video nyuma mara nyingi. Hatimaye Mjomba akaweka kidole kwenye skrini.

Ulikuwa mchepuko, leni ya kutokea. Upande wa kulia barabara ilikuwa imefunguka leni moja zaidi, imetenganishwa na yetu kwa mstari mnene wa vipande vifupi. Mbele kidogo, leni hiyo inaanza kukunja kona, na pale kona inapoanza kuna vibao viwili vya 60, kimoja kila upande. Cha upande wa kushoto kimesimama kwenye ile pembe ya majani kati ya mchepuko na njia kuu. Ukikipima kwa macho, kiko karibu na leni yetu kama kilivyo karibu na leni ya mchepuko. Taa zetu zilikipiga, kikang'aa kama sarafu mpya. Sekunde moja baadaye mkanda ulinibana.

"Michepuko si dili," Mjomba akasema bila kucheka, "baki njia kuu."

Mimi nilicheka kwa niaba yake. Lakini ndicho hasa gari lilichoshindwa. Liliona vizuri. Kibao kilikuwepo, namba ilikuwa 60, kamera haikukosea hata tarakimu moja. Kilichopungua ni ile sarufi ya barabara ambayo dereva huifahamu bila kufikiri: mstari mnene maana yake nini, kibao kimegeukia wapi, kona ni ya nani.

Sasa hesabu, kwani nilitaka kujua tulikuwa mbali kiasi gani na ajali. Kutoka 120 hadi 98 ni kupungua mita 6 kwa sekunde. Video inaonyesha ilichukua kama sekunde 3, yaani mwendo ulikuwa unapungua mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Katika sekunde hizo 3 kigari cha nyuma, kama dereva wake asingefanya kitu, kingetukaribia kwa mita 9. Alikuwa mita 20. Kwa hiyo alibakiwa na 11 hivi, na tofauti ya mwendo ilikuwa inazidi kukua. Kama nisingekanyaga, gari lingeendelea kushuka hadi 60 kwa sekunde nyingine 5 na ushei.

Taa za breki je? Kwenye gari la umeme mwendo mwingi huuliwa na mota inayogeuka kuwa jenereta, bila breki zenyewe kugusa diski. Kanuni inataka taa ziwake mara tu upungufu unapozidi mita 1.3 kwa sekunde kila sekunde, hata kama mguu haujagusa pedali. Sisi tulivuka hapo, kwa hiyo zetu ziliwaka, na huenda ndizo zilizomwokoa yule dereva. Lakini taa ya breki huwa inamwambia mtu wa nyuma kwamba kuna jambo mbele. Mbele hapakuwa na jambo.

Wengi niliowasimulia walisema mara moja: "Hayo ndiyo mambo ya Brussels." Si kweli, na hapa inafaa kukaa kidogo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2019/2144, umelazimisha kila gari jipya linalouzwa tangu tarehe 7 Julai 2024 liwe na mfumo wa kutambua kikomo cha mwendo. Sheria inautaka mfumo huo umkumbushe dereva: kwa mlio, kwa mtetemo, kwa pedali kusukuma mguu, au kwa kupunguza nguvu ya mota kwa ulaini. Dereva ana haki ya kuushinda kwa kukanyaga tu, na ana haki ya kuuzima, ingawa unajiwasha upya kila unapowasha gari. Kipimo chake cha kufaulu ni kutambua kikomo sahihi kwa angalau asilimia 90 ya umbali wa jaribio. Chukua safari yetu ya kilomita 330: gari lililofaulu mtihani linaweza kukosea kwa kilomita 33 na cheti chake kikabaki safi.

Kwa mfumo wa kukumbusha, asilimia 90 inatosha. Mlio wa bure unaudhi, basi. Tatizo ni kile kitufe changu cha starehe, ambacho hakuna sheria iliyokidai. Mtengenezaji ndiye aliyechukua macho yaliyopimwa kwa kazi ya kukumbusha, akayapa mguu wa breki. Na mimi nikasema sawa.

Mjomba alilieleza hili kwa lugha ya kazi yake. Kwenye lori kuna utingo. Utingo anashuka, anatazama nyuma, anapiga bodi, anapaza sauti: njoo, njoo, kata kulia, simama. Utingo mzuri ni nusu ya maisha yako. "Lakini utingo hapewi breki," alisema. "Hata awe na macho ya tai. Yeye anaita, mimi nakanyaga. Akikosea kuita, nimemtukana, tumeendelea na safari."

Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaogongesha magari na kuyapa nyota, waliliona jambo la jirani na hili mwaka 2020 walipoanza kuipa madaraja mifumo hii ya usaidizi. Walipima gari linavyoendesha, kisha wakapima linavyomweka dereva katika kazi yake, na alama iliyohesabiwa ikawa ile ndogo kati ya hizo mbili. Tesla Model 3 ilipata 87 kwa uwezo wa kuendesha na 95 kwa kuokoa mambo yanapoharibika. Kwa kumshirikisha dereva ikapata 36, na 36 ndiyo iliyobebwa kwenye jumla. Daraja lake likawa la wastani, chini ya Mercedes GLE, BMW 3 na Audi Q8. Watu walipiga kelele sana mtandaoni kwamba gari lenye akili zaidi limeonewa. Mimi nilikuwa mmoja wao, nakiri. Siku hizi naona mizani ile ilikuwa na haki: gari likiwa hodari kiasi cha kumsahaulisha dereva kazi yake, mapengo yake machache yanamkuta mtu aliyekwisha kulegea. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani usiku ule, lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa umelala kwenye zulia.

Yapo magari yaliyoruhusiwa zaidi. Uingereza iliikubali Ford Mustang Mach-E iendeshwe bila mikono kwenye barabara kuu zilizochorwa maalumu, mwaka 2023, huku kamera ikimtazama dereva machoni. Ujerumani iliiruhusu Mercedes EQS, mwisho wa 2021, ijiendeshe yenyewe kwenye foleni za barabara kuu, kwanza hadi kilomita 60 kwa saa na baadaye hadi 95, na dereva akaruhusiwa kutazama pembeni. Ukiangalia kilichofungwa kwenye EQS hiyo unaelewa bei yake: lida (kihisio kinachopima umbali kwa leza), ramani ya usahihi wa sentimita, hadi kihisio cha kujua kama lami imelowa. Langu lina kamera moja na kujiamini kwingi.

Wiki tatu baada ya harusi nilirudi barabara ile ile mchana, na mke wangu akiwa na daftari. Kitufe cha kuunganisha nilikuwa nimekizima, kwa hiyo kamera ilisoma tu na kuonyesha. Kwenye mchepuko wa Rheine, leni ya kulia: 60 ikawaka. Tukatoka mbele, tukazunguka, tukapita tena kwenye leni ya kushoto huku lori likitukinga upande wa kulia: haikuwaka. Mara ya tatu, leni ya kulia, bila lori: 60. Kwa hiyo lile lori la Mjomba, kama lingekuwa pembeni yetu badala ya nyuma, lingetuokoa. Nilimtumia ujumbe wa sauti kumwambia. Alifurahi kuliko nilivyotarajia.

Tuliandika na mengine. Kibao cha kikomo chenye maandishi ya "lami ikilowa" kilisomwa kama amri ya jua kali. Kijiji tulichopita tukitafuta chaja kilikuwa na bango la njano lenye jina lake. Ujerumani bango hilo peke yake lina maana ya 50, na hili gari lililijua, nadhani kupitia ramani. Kwenye kitanzi cha kutoka A30 kuingia A1 mfumo wa leni uliachia usukani katikati ya kona. Si ubovu: kanuni 79 inaubana mfumo huo usivuke nguvu ya pembeni ya mita 3 kwa sekunde kila sekunde, na kona ya nusukipenyo cha mita 50 kwa mwendo wa 50 tu inazidi hapo. Lakini kuachiwa usukani katikati ya kona kunahitaji moyo.

Pabaya zaidi palikuwa penye ujenzi. Wajerumani wakijenga barabara huchora mistari ya njano juu ya ile nyeupe, na ya njano ndiyo inayotawala. Leni ya kushoto inabanwa hadi kuna kibao cha kukataza magari yenye upana unaozidi mita 2.1, vioo vya pembeni vikihesabiwa. Humo gari lilishika mstari mweupe wa zamani, uliokuwa unakata kuelekea ukuta wa zege. Usukani ulivuta kulia. Nami nikavuta kushoto. Mke wangu aliacha kuandika. Tangu hapo nikiona kibao cha njano cha ujenzi nauzima mfumo wa leni kabla sijakifikia, kama mtu anavyofunga dirisha mvua ikianza kunuka.

Nilipeleka video kwa wakala. Fundi aliitazama mara mbili, akatikisa kichwa kama anayemjua mgonjwa. Alinieleza kwamba kwa gari letu kamera ikiona kibao na ramani haina kikomo, kamera hushinda, na A30 pale haina kikomo kwa hiyo ramani haikuwa na cha kupinga. Nikamuuliza kama gari lilitunza kumbukumbu ya tukio. Lile sanduku la kurekodi, ambalo nalo ni lazima kwa magari mapya, huhifadhi sekunde 5 za kabla ya mgongano. Sisi hatukugongana. Kwa kompyuta ya gari, usiku ule hakuna kilichotokea.

Mwezi Machi likaja sasisho la programu. Nilipita Rheine nikiwa peke yangu, kitufe kimezimwa, mguu juu ya pedali. Kwenye mchepuko wetu kioo kilionyesha duara jeupe lenye mistari ya mshazari: hakuna kikomo. Nikaanza kumrekodia Mjomba ujumbe wa sauti. Kabla sijaumaliza tukafika mchepuko unaofuata, na kwenye kioo ikawaka 60.